Kisu Kikuukuu cha Mfukoni: Kitazame Vema Kabla ya Kununua

Mkulima wa skimu, siku ya soko hutakosa kumwona muuza vyuma vikuukuu, ametandaza turubai lake, na juu yake visu vya mfukoni vya kukunja. Vingine vina kutu, vingine vimelegea, na vingine vimesuguliwa mpaka vinang'aa kama kioo. Asiyejua huchukua kile kinachong'aa. Mara nyingi hicho ndicho kilichokwisha haribika.

Kwa kukata kamba ya gunia kisu cho chote chatosha. Lakini kama wataka kupachika miche ya parachichi au kupunguza kwato za kondoo, sharti kisu kiwe na feleji inayoshika makali. Kisu butu hakikati kijiti cha kupachika, bali hukiponda, na kijiti kilichopondwa hakishikani na mche. Utangoja majuma mengi, halafu uone kimekauka.

Basi fungua kisu, ufute uchafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, utazame bapa pale linapoingia katika mpini. Hapo ndipo watengenezaji hupiga muhuri. Nyota na msalaba ni alama ya Joseph Rodgers wa Sheffield, Uingereza. I*XL ni ya George Wostenholm wa mji huo huo. Mkono wenye taji ni wa Opinel wa Ufaransa, nao ulianza kutumika mwaka 1909. Mshale mfupi unaofanana na wayo wa kuku ni alama ya mali ya Serikali ya Uingereza. Huonekana katika visu vya jeshi, ambavyo vingi vina msumari mnene wa kufungulia mafundo ya kamba. Solingen ni mji wa Ujerumani, na jina lake limelindwa na sheria ya huko tangu 1938.

Hata hivyo usiamini muhuri peke yake. Zamani wadanganyifu walipiga jina la Sheffield kwenye visu vilivyotengenezwa kwingine, hata Uingereza ikatunga sheria ya kuwazuia mwaka 1887. Tena ukiona neno Stainless, Inox au Rostfrei, jua hicho ni chuma kisichoshika kutu upesi. Chuma cha namna hiyo kilianza kutumika kwa visu baada ya mwaka 1913, Harry Brearley alipokiyeyusha huko Sheffield. Muuzaji akikuambia kwamba kisu chenye neno hilo kina miaka mia mbili, mcheke tu. Kama hakuna neno lo lote, pakaa tone la maji ya limau juu ya bapa, ungoje dakika chache: feleji ya kawaida hugeuka kijivu. Sumaku haitakusaidia, kwa maana huvuta vyuma vya aina zote mbili.

Sasa fika kwenye jambo kubwa zaidi, yaani moto. Feleji ya kisu hufanywa ngumu kwa moto, na kwa moto hupoteza ugumu wake. Mtu akinoa kwa jiwe la umeme bila kulichovya bapa majini, ncha na makali hupata joto haraka kwa sababu ni membamba. Yakifika kama digrii 300 za sentigredi hugeuka rangi ya samawati, na hapo feleji imelainika. Muuzaji aweza kuiondoa rangi hiyo kwa msasa, lakini ugumu haurudi. Omba ruhusa, upitishe tupa ndogo kidogo sana karibu na ncha. Ikiuma kwa urahisi kama inavyouma msumari, mrudishie mwenyewe kisu chake.

Kisha kikunje. Ncha ikisimama nje ya mpini, bapa limenolewa sana nayo itakuchoma mfukoni. Yaweza kuponywa kwa kupunguza mgongo wa bapa kwenye ncha, wala si upande wa makali. Springi iliyovunjika usiinunue. Bapa linalotikisika si kitu kibaya: kifungue, weka tone la mafuta kwenye pini, weka upande mmoja wa pini juu ya chuma kizito, na ugongegonge upande wa pili kwa nyundo ndogo. Baada ya mapigo mawili matatu, jaribu kufunga na kufungua, usije ukakikaza kabisa.

Kutu ya rangi ya matofali iondoe kwa mafuta ya taa na msasa mwembamba. Rangi ya kijivu iache, haina madhara. Uchafu ulio ndani ya mpini uchokoe kwa kijiti cha mwanzi. Mpini wa mti, mfupa au pembe usiuloweke. Mipini mingine ya zamani, iliyofanywa kwa seluloidi, hushika moto upesi, kwa hiyo usiisogeze karibu na jiko.

Mwisho ni kunoa, na hapa usiwe na haraka. Tumia kinoo chenye maji au mafuta. Kwa bapa la upana wa milimita 15, mgongo uinuke kama milimita 4 juu ya jiwe. Noa upande mmoja mpaka usikie uzi mwembamba wa chuma upande wa pili, ndipo ugeuze. Kisha sugua makali juu ya mshipi wa ngozi, ukivuta kuelekea mgongo. Kisu cha kupachikia kilichotengenezwa na makali ya upande mmoja, kinoe upande huo tu. Jaribu makali kwa kijiti kibichi, wala si kwa kidole gumba.

Ukipachika, futa bapa kwa spiriti kila utokapo mti mmoja kwenda mwingine, maana utomvu huweza kubeba magonjwa. Jioni likaushe na kulipaka mafuta kabla hujalikunja.