Homa Imekwisha, Maungo Bado

Katika miaka ya 1952 na 1953 ilizuka kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika ya wakati ule, homa ya ghafula iliyowaumiza watu viungo hata wasiweze kusimama wima. Na jina walilolipa Wamakonde wenyewe, chikungunya, ndilo walilolichukua matabibu wa dunia nzima.

Homa hiyo, iletwayo na mbu aumaye mchana, haidumu: aghalabu siku kumi hazitimii ila mgonjwa keshainuka kitandani, na virusi vimekwisha kutoweka damuni. Lakini kwa baadhi ya watu, hususa wenye umri mkubwa na waliokuwa na maradhi ya viungo tangu hapo, udhia ndipo unapoanza, kwani vidole, magoti na vifundo vya miguu huvimba na kukakamaa, alfajiri zaidi ya saa nyingine, kwa miezi na hata miaka, mama akashindwa kukalia mbuzi akune nazi, na seremala akashindwa kushika randa. Naye akipimwa malaria asionekane nayo, huambiwa ni uvivu, dhuluma ambayo kwangu haina udhuru.

Lamu iliyaonja hayo mwaka 2004, wakati wa ukame, watu walipokuwa wakihifadhi maji majumbani na mbu wakazaliana humo. Ilikadiriwa kwamba robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Kutoka pwani yetu maradhi yalivuka hadi Komoro, kisha Réunion, ambako takriban theluthi ya watu waliugua, na matabibu waliowafuatilia wakakuta wengi wakilalamikia viungo baada ya mwaka kupita.

Sababu haijafumbuliwa yote. Lililo dhahiri ni kuwa kinga ya mwili, ikishaamshwa, huenda isitulie, ikaendelea kuwasha uvimbe ndani ya kiungo, ambamo masalia ya virusi yamepata kuonekana muda mrefu baada ya homa.

Dawa ya kuviua virusi hivyo haijapatikana. Ziko za kutuliza uvimbe, ambazo zikimezwa mfululizo bila ushauri hudhuru tumbo na figo, na yako mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo. Aliyepitisha miezi mitatu na maumivu na arudi kwa tabibu, amtajie ile homa ya zamani ijapokuwa hakuulizwa, kwa kuwa baridi yabisi nayo huanza kwa dalili zizo hizo, na tiba yake ni nyingine.