Mizani ya Baruti

Hayati mjomba wangu alikuwa mbeba bunduki. Kabla ya uwindaji kupigwa marufuku hapa Kenya mwaka 1977, alifuatana na mwindaji mmoja wa Kizungu aliyekaa Malindi, wakiwinda nyati upande wa Garsen. Kazi yake ya pili ilikuwa kuchinja, ili Waislamu wa msafara wapate nyama ya halali.

Likizo moja ya mwaka 1974 alinichukua hadi nyumbani kwa yule Mzungu, nikaona risasi zikitengenezwa kwa mkono.

Wazee wetu wenye magobori walimimina baruti mtutuni wakashindilia kwa mdeki. Pale kila kitu kilitiwa ndani ya ganda la shaba. Bunduki ilikuwa .375 Magnum, aina iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912. Magnum ni neno la Kilatini, maana yake kubwa. Na kweli ganda lake ni kubwa, limefungwa mshipi wa shaba kitakoni.

Ganda likisha kupigwa halitupwi. Husafishwa, hukandamizwa katika kalibu ya chuma lirudie umbo lake, fataki iliyoungua ikatolewa na mpya ikatiwa. Ndipo baruti ipimwe. Kipimo chake ni punje, na punje 7,000 ndizo ratili moja. Baruti ikizidi, bunduki yaweza kupasuka mkononi. Ikisahauliwa, fataki peke yake yaweza kuisukuma risasi ikakwama mtutuni; ukipiga ya pili, mtutu wapasuka. Risasi hutiwa mwisho, nayo huziba mlango. Tangu hapo hakuna jicho liwezalo kuona kilichomo.

Siku hiyo mjomba alikuwa akikagua maganda matupu kwa waya uliopindwa ncha, akiupitisha ndani kama mtu apapasaye kisima. Kwenye ganda moja mkono wake ulisita.

"Bwana, hili mimi silibebi."

"Lina nini? Mbona ni zima?"

"Nje ni zima. Tia msumeno."

Mzungu alinuna, lakini alilipasua kwa urefu. Juu kidogo ya mshipi shaba ilikuwa imeliwa kwa ndani, imebaki nyembamba kama ukucha. Kila ganda lipigwapo hunyooka, na hapo ndipo linapodhoofika. Likikatika, kipande cha mbele hubaki kimekwama ndani ya bunduki, na risasi ya pili haiingii. Nyati aliyejeruhiwa hangoji ukitoe.

Yule Mzungu hakusema neno. Alichukua maganda yote yaliyokuwa ya umri mmoja na lile, akayaponda kwa nyundo, moja moja.

Uwindaji ulipokwisha, mjomba alifungua duka la mchele na bizari. (Siku hizi kuunda risasi bila kibali ni kosa la jinai, msomaji asijaribu.) Kando ya mizani aliweka nusu ya lile ganda. Wateja walidhani ni pambo. Nilipomwuliza kwa nini hakuweka kibao chenye Sura ya Al-Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo, alicheka.

"Hiyo naijua kwa moyo, mwanangu. Hili ganda ni la mkono wangu, usisahau. Mnunuzi haoni ndani ya gunia, na mbeba bunduki haoni ndani ya risasi. Ajuaye ni mwenye mizani, na Mola wake."