Zahanati iko karibu, lakini njia je?

Katika ukurasa huu tumezoea kuambiana kwamba kutembea kwa miguu ni dawa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kila juma, na mtoto dakika 60 kila siku. Kutembea kwa haraka kidogo kunatosha, na kuendesha baiskeli vilevile. Hupunguza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Lakini tukimwambia mgonjwa atembee, ni vema tumwulize pia: je, mtaa wako unapitika?

Tuseme zahanati iko mita 300 kutoka nyumbani kwa mama mjamzito, ukipima kwa mstari ulionyooka. Katikati pana ukuta mrefu, na nyuma ya ukuta pana mtaro usio na kivuko. Basi mama huyo huzunguka kwa barabara kuu, mita 1,200. Gawanya 1,200 kwa 300, utapata 4: kila hatua moja imekuwa nne. Wataalamu wa mipango miji hutumia hesabu hiyo hiyo. Njia ikinyooka kabisa, jibu ni 1. Mahali ambapo mitaa mifupi hukatana kwa pembe mraba, kama Kariakoo jijini Dar es Salaam, jibu huwa kati ya 1 na 1.4 hivi. Likipanda hadi 2 au 3, usishangae kuona watu wazima wenye nguvu wakilipa bodaboda kwa safari ambayo ingekuwa ya dakika tano kwa miguu. Wengine huhesabu njia panda zilizopo katika kilometa moja ya mraba, na mitaa iliyoziba mwisho. Hesabu hiyo nayo ni nzuri, ila haimwoni yule mama.

Kwa baiskeli, urefu wa njia peke yake hautoshi, kuna hofu. Mwaka 2012 watafiti Maaza Mekuria, Peter Furth na Hilary Nixon walitoa taarifa juu ya mji wa San José, California, huko Marekani. Waliipanga mitaa katika madaraja manne. La kwanza ni mtaa ambao hata mtoto anaweza kuendesha baiskeli. La pili, watu wazima wengi huuvumilia. La nne ni barabara ya magari mengi yaendayo kasi, ambayo majasiri wachache tu huthubutu. Kisha wakaweka sharti ambalo kwetu ndilo lenye hekima: safari hupewa daraja la kipande chake kibaya kuliko vyote. Ukipita mitaa tisa mitulivu na kuvuka barabara moja ya kuogofya, safari yako yote ni ya kuogofya. Mzazi yeyote anayemtuma mtoto shule analijua hilo bila kusomea.

Jibu lao liliwashangaza wengi. San José ina mitaa mingi mitulivu, lakini imekatwa na barabara kubwa hata ikawa kama visiwa. Kati ya safari za kwenda kazini zisizozidi maili sita, yaani kilometa kumi hivi, ni asilimia 4.7 tu zilizoweza kufanyika bila kupita juu ya daraja la pili. Walipochora marekebisho machache ya kuunganisha visiwa hivyo, hesabu ilipanda kufikia asilimia 12.7. Hawakupendekeza kujenga mji upya, bali kutengeneza vipande vilivyokosekana.

Jambo hili familia zinaweza kulifanya bila mtaalamu. Pimeni mita 10 uani, mhesabu hatua zenu, mjue hatua moja ni sentimeta ngapi. Kisha mwendeni shuleni, kisimani, sokoni, zahanati na kanisani, mkihesabu. Umbali ulionyooka mtaupata katika ramani ya simu, au katika ramani ya mtaa kama ofisi ya serikali ya mtaa inayo. Aende na mtoto, aende na bibi mwenye fimbo, kwa kuwa kijana wa miaka ishirini huruka mtaro asiuone. Andikeni mahali pa kuvukia barabara, na kama magari husimama. Andikeni pia saa: kichochoro kinachopitika saa tano asubuhi huenda kikawa na geti lililofungwa saa kumi na mbili jioni, na wakati wa masika kivuko cha mbao husombwa na maji.

Mkienda na karatasi hiyo kwenye mkutano wa mtaa, msiombe barabara. Ombeni kivuko cha mtaro, au mlango mdogo ukutani, na mtaje ni nyumba ngapi zitapunguziwa safari, na mita ngapi.