Pua ya Kwenye Simu

Siku hizi anayetaka upasuaji wa urembo huingia kwa daktari simu ikiwa mkononi. Anafungua picha aliyojipiga mwenyewe, anaikuza kwa vidole viwili, anaonyesha: hapa pua imepanuka, naomba ipunguzwe. Kumbe kamera ilikuwa sentimita 30 tu kutoka usoni. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipiga hesabu wakaonyesha kwamba, kwa umbali huo, pua huonekana pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Mume, mama mkwe na wenzake kazini hawajawahi kuiona pua hiyo. Inaniuma mtu kukubali kisu kwa ajili yake.

Sina ugomvi na urembo. Wanja na hina tumevikuta, na anayetaka kupendeza ana haki yake. Ninachoomba ni ajue anachonunua. Sindano ya kulainisha makunyanzi hufanya kazi miezi mitatu au minne, kisha makunyanzi hurudi. Kunyonya mafuta hurekebisha shepu. Kitambi kinachotokana na mafuta yaliyozunguka utumbo na ini hakiguswi, maana mrija hupita chini ya ngozi tu. Hata puto la tumboni, ambalo wengi wamelisikia kupitia Hospitali ya Mloganzila, huwekwa kwa muda kisha hutolewa. Likishatoka, chipsi za usiku zikarudi, na kilo nazo zinarudi.

Kuna jambo zito zaidi. Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa New York, aliandika katika kitabu chake cha 1960 kuhusu wagonjwa waliojitazama kwenye kioo baada ya upasuaji uliofanikiwa, wakashikilia kuwa hakuna kilichobadilika. Wapo ambao kasoro ndogo, au isiyoonekana na wengine, huwatesa kutwa nzima. Huo ni ugonjwa wa akili unaotibika, lakini kisu si dawa yake. Daktari anayekataa kumpasua mtu kama huyo na kumwelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili amemsaidia kuliko anayepokea malipo ya awali siku hiyohiyo.

Na aliyekwisha kupasuliwa pua avute subira. Uvimbe huweza kuchukua mwaka mzima kuisha, kwa hiyo anayetafuta daktari wa pili mwezi wa tatu anataka kurekebisha pua ambayo bado hajaiona.