Kamera Gizani: Shahidi Anayehitaji Maelezo

Ajali haingoji mapambazuko. Lori limegonga baiskeli saa tano za usiku, majeruhi amekimbizwa hospitali, barabara imezibika na wasafiri wanapiga honi. Kabla ya jua kuchomoza kila kitu kitakuwa kimekwisha ondolewa. Picha iliyopigwa kwa taa ya kamera yenyewe itamwonyesha hakimu mita chache tu za mbele. Nyuma yake ni weusi mtupu. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza namna ya kupiga picha gizani kwa kuacha kilango cha kamera wazi kwa muda mrefu.

Askari wa lindo anafahamu kuwa jicho huhitaji karibu nusu saa ili kulizoea giza. Likisha kulizoea, haliongezi tena: ukitazama kichaka kwa saa nzima, hukioni zaidi. Kamera sivyo ilivyo. Yenyewe hukusanya mwanga kidogo kidogo, mithili ya mtungi uliowekwa chini ya tone la maji. Muda ukizidishwa maradufu, mwanga nao huzidi maradufu. Brassaï, aliyepata sifa kwa picha zake za Paris usiku katika miaka ya 1930, husimuliwa kuwa alipima muda huo kwa kuvuta sigara, na palipokuwa na giza zaidi alichagua sigara nene.

Sharti la kwanza ni utulivu. Kamera iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu, na isibonyezwe kwa kidole, bali kwa waya wa kufyatulia au kwa saa yake yenyewe. Mlenge tochi kitu kilicho katikati, rekebisheni lenzi mpaka kionekane vizuri, kisha msiiguse tena. Kwa wepesi wa ISO 400 na tundu la lenzi namba 8, mbalamwezi ya mwezi mpevu yataka dakika 2 hivi. Barabara yenye taa za mji yaweza kutosheka na sekunde chache.

Pasipo mwezi wala taa, mwanga huletwa kwa mkono. Kilango kikiwa wazi, askari mmoja hutembea na tochi akimulika gari, lami na kando ya barabara, bila kusimama mahali pamoja. Alama za matairi zimulikwe kutoka ubavuni, tochi ikiwa karibu na ardhi, ndipo mikwaruzo itoe vivuli na kusomeka. Gari likipita, lenzi ifunikwe kwa kofia mpaka taa zake zipotee.

Tulipojaribu wenyewe, picha ya kwanza ilikatwa na mstari mweupe uliojipinda kama nyoka, maana tulikuwa tumeielekeza tochi kwenye lenzi. Ya pili ilikuwa na ukungu, kwa sababu ya haraka ya kidole. Ya tatu ilitushangaza. Mwenzetu aliyezunguka na tochi hakuonekana kabisa, lakini koti jeusi tulilolilaza kando ya barabara, ambalo kwa macho hatukuliona hata kwa hatua kumi, lilionekana dhahiri kama saa sita za mchana.

Hapo ndipo penye hatari, ndugu askari. Hakimu akipewa picha ya namna hiyo bila maelezo, atauliza: dereva huyu alikosaje kumwona mtu aliye wazi hivi? Kumbe dereva aliliona giza tu, na mtu asiye na hatia aweza kufungwa kwa ajili ya picha nzuri. Picha hii huonyesha vitu vilikuwa wapi. Haionyeshi vilionekanaje kwa aliyekuwa akiendesha.

Kwa hiyo daftari lisitengane na kamera. Andikeni saa, mahali kamera iliposimama, muda kilango kilipokuwa wazi, namba ya tundu, na kwamba tochi ilitumika. Pigeni kwanza mahali palivyo, kisha mrudie mkiwa mmeweka rula kando ya alama. Na mtakapoitwa mahakamani, semeni wazi kwamba usiku ule haukuwa na mwanga kama unaoonekana pichani, hata kama hamkuulizwa.