Baba Asibebe Mzigo Peke Yake

Mwaka 2020, kwa Waraka wa Kitume Patris Corde, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alimweka Mtakatifu Yosefu mbele ya akina baba wote. Hata hivyo, baba wengi hunyamaza wanapolemewa. Aliyepoteza kazi huacha kuhudhuria Jumuiya kwa aibu ya kukosa mchango. Naye anapojitenga, nyumba nzima hutetereka. Aende wapi?

Kwanza, Jumuiya Ndogo Ndogo: viongozi wamtembelee kabla ya kuulizia michango. Pili, Utume wa Wanaume Katoliki (UWAKA), ambamo wanaume husali na kushauriana. Tatu, paroko, kwa ushauri na Sakramenti ya Kitubio. Nne, huduma za umma: afisa ustawi wa jamii husikiliza migogoro ya malezi na matunzo, tena sheria ya ajira ya Tanzania Bara humpa baba mwajiriwa likizo yenye malipo ya angalau siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Yosefu mwenyewe alihitaji kuongozwa na malaika, akatii, familia ikaokoka. Basi, tusione haya kuomba msaada, wala tusichelewe kuutoa.

Mtakatifu Yosefu, utuombee.