Je, Kufanana ni Udugu? Kimalayalam na Kiuyghur

Muhula uliopita palitokea ubishi katika bweni letu. Mwenzetu mmoja alisema kwamba Kiswahili si lugha ya Kiafrika, bali ni Kiarabu kilichoharibika, maana maneno kitabu, wakati, habari na dunia yote yametoka Uarabuni. Wengi wetu tulikasirika, lakini kukasirika si kujibu. Nikaona afadhali kwanza nizipime lugha mbili za mbali, ambazo hakuna hata mmoja wetu anayezipendelea. Nikachagua Kimalayalam na Kiuyghur.

Kimalayalam chasemwa hasa katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, kando ya bahari ile ile ifikayo Mombasa na Dar es Salaam. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, karibu watu milioni 35 wa India walisema kwamba hiyo ndiyo lugha yao ya mama. Kiuyghur ni lugha ya bara, ya miji iliyo kandokando ya jangwa, kama Kashgar na Hotan, katika Xinjiang, magharibi mwa Uchina. Mwaka 2020 Wauyghur wa huko walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 11. Kati ya nchi hizo mbili imesimama milima ya Himalaya.

Tutazame kwanza mpango wa maneno. Sisi twasema, "Mimi nilisoma kitabu." Mtu wa Kerala husema, "Njan pustakam vayichu," na Muyghur husema, "Men kitab oqudum." Wote wawili hupanga hivi: mimi, kitabu, nilisoma. Neno la kutenda hukaa mwisho. Tena wote hubandika vipande vidogo nyuma ya neno. Kwa Kimalayalam, pustakam ni kitabu, pustakangngal ni vitabu, na pustakangngalil ni katika vitabu. Kwa Kiuyghur ni kitab, kitablar, kitablarda. Hatua ni zile zile.

Kufanana kwa namna hii kuliwavuta hata wataalamu. Mwaka 1856 mmisionari Robert Caldwell, aliyeishi miaka mingi kusini mwa India, alitoa kitabu cha kulinganisha lugha za Kidravidi, yaani jamaa ya Kimalayalam. Alionyesha vizuri kwamba lugha hizo si watoto wa Kisanskriti, ingawa zimejaa maneno yake. Lakini alidhani pia kwamba zina udugu na kundi kubwa aliloliita la Kiskithi, ambamo alikiweka Kituruki, ndugu wa Kiuyghur. Wataalamu wengi wa leo hawakubali neno hilo la pili.

Kwa nini hawakubali? Kwa sababu udugu hutafutwa katika maneno ya kila siku, yale ambayo mtoto hujifunza mapema. Mtu wa Kerala huhesabu: onnu, rantu, munnu. Jirani yake Mtamil husema: onru, irantu, munru. Hapo udugu ni dhahiri. Muyghur huhesabu: bir, ikki, üch, naye Mturuki, aliye mbali sana upande wa magharibi, husema: bir, iki, üç. Hapo pia ni dhahiri. Lakini munnu na üch hazina uhusiano. Vivyo hivyo jicho ni kannu Kerala, na köz Kashgar.

Hata katika sarufi, ukikaribia utaona tofauti. Muyghur hubadilisha mwisho wa neno kumfuata mtendaji: oqudum ni nilisoma, oqudung ni ulisoma, oqudi ni alisoma. Mtu wa Kerala hutumia vayichu kwa wote: mimi, wewe na yeye. Tena kwa Kiuyghur vokali hufuatana: vitabu ni kitablar, lakini shule, ambayo ni mektep, huwa mektepler. Jambo kama hilo tunalo sisi tusemapo pikia lakini somea, wala hatuwi ndugu wa Wauyghur kwa ajili hiyo.

Herufi nazo hazithibitishi udugu. Kiuyghur huandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika miaka ya 1960 serikali ya Uchina ilileta herufi za Kilatini, na katika miaka ya 1980 zile za Kiarabu zikarudishwa. Lugha ilibaki ile ile. Kimalayalam kina herufi zake chenyewe, lakini Waislamu wa Malabar walikiandika kwa Kiarabu pia, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili.

Yamebaki maneno ya kuazima. Muyghur husema kitab, waqit, xewer na dunya, nasi twayatambua mara moja. Mtu wa Kerala huita meza mesha, kwa kuwa yeye na sisi tuliipata kwa Wareno, ambao mwaka 1498 walitia nanga Malindi, kisha wakavuka mpaka Calicut. Lakini tazameni kila mtu alivyolifanya neno la mgeni. Kwa Mwarabu, kitab kikizidi kimoja ni kutub. Muyghur hakuchukua kutub, alisema kitablar. Mtu wa Kerala huziita meza meshakal. Nasi tukasema vitabu, kama visu na viti, kisha tukasema vitabu vyangu viwili vimepotea.

Hilo ndilo jibu langu kwa mwenzangu. Sita, saba na tisa tuliazima, ni kweli. Lakini Mswahili husema mbili, tatu, nne. Mganda husema bbiri, ssatu, nnya. Mnyarwanda husema kabiri, gatatu, kane. Hao ndio ndugu zetu, na Mwarabu ni jirani aliyetukopesha mengi.

Mwenzangu aliisoma karatasi hii kabla sijaipeleka kwa mhariri. Alisema kwamba bado atafikiri. Mwenye hoja nyingine na aandike katika toleo lijalo.